Esuiglasi ya Nyuma ya Jipu la Yaya Ramazani

Niliingia katika umeme wa magari kwa njia ya redio. Kaka yangu alikuwa na meza ya kutengeneza redio kando ya soko la Kasongo, nami nilikaa naye nikimshikia hiki na kile, mpaka akaenda kutafuta maisha Kindu na kuniachia meza, koleo, na redio za watu ambazo hazijapona. Wenyewe walinung'unika kwanza kuona binti anafungua redio ya baba yao. Kisha redio zikaanza kuimba, nao wakanyamaza.

Fundi Amisi alinikuta pale. Alikuwa fundi wa umeme katika gereji iliyotunza magari ya vituo vya afya, ya huku Kasongo, ya Kabambare, na ya ng'ambo ya mto Lualaba. Siku hiyo alileta redio ya gari, akasimama akitazama namna nilivyosokota nyaya. Hakusifu. Aliuliza tu kama nyumbani kwetu wangekubali niende kufanya kazi na wanaume na grisi. Nikamwambia baba yangu ni mlimi wa muhogo, na udongo haujawahi kumtisha, sembuse grisi.

Siku ya kwanza gerejini nilivaa suruali ya kaka yangu, na juu yake kitenge, ili njiani mama zangu wadogo wasipate la kusema. Fundi Amisi hakunionyesha gari hata moja. Aliniwekea mbele gunia la nyaya za zamani.

"Moja ndani ya hizi imekatika," akasema. "Utafute ni ipi. Usichune hata moja."

Nilizigeuzageuza asubuhi nzima. Kwa macho zote zilikuwa nzima. Alipopita tena alicheka puani, akachukua waya mmoja, akaushika huku na huku na kuuvuta polepole.

"Hii inakataa kuvutwa. Iko nzima. Sasa vuta ile."

Nikavuta, mwingine, na mwingine, mpaka nikafika kwenye waya mweusi uliorefuka kidogo kati ya vidole vyangu, kama mpira wa kiunoni. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Plastiki ya nje peke yake ndiyo iliyobaki imeshikana. Ninyi mnaokuja nyuma yangu siku hizi mna vipimo vyenye namba, navyo ni vizuri. Lakini betri ya kipimo ikiisha huko Lusangi, vidole mnavyo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na taa ya kujaribia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili na msumari, ambayo ukigusa penye umeme inawaka. Kulikuwa na pasi ya kulehemu, kichwa chake cha shaba, tuliyoipasha moto juu ya makaa ya mbabula, lile jiko la bati, kwa sababu umeme wa mji ulikuwa jambo la kusimuliwa na wazee. Mama mmoja aliyeuza maandazi mlangoni alikuwa akituazima ile mbabula, nasi tulimtengenezea tochi. Hiyo ndiyo ilikuwa idara yetu.

Zaidi ya vyombo, Fundi Amisi alinifundisha kuwauliza mashoferi. Alikuwa mtu wa Kabambare, na skurubu ikimshinda aliisemesha kwa Kibangubangu maneno ambayo hakutaka kunitafsiria. Lakini kwa shoferi alikuwa mpole. Gari likiingia, hakufungua boneti kabla hajamkalisha shoferi na kumuuliza: ilianza wapi, ulikuwa umebeba nini, mvua ilikuwepo, ulisikia harufu gani. Wengine waliona anapoteza wakati. Aliniambia, akitumia neno letu la gari, "Shoferi analala na mutuka njiani. Siye tunaiona tu ikiwa imesimama."

Miaka ilipita hivyo. Nilikutana na gari ambalo taa zake za mbele ziliwaka kila ukipiga honi. Kosa lilikuwa masi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umeliwa na kutu. Nilikutana na gari lililozimika katikati ya daraja la miti upande wa Lusangi, nikapelekwa kwa baiskeli, nikakuta panya amezaa juu ya betri na kuguguna anachotaka. Niliwahamisha wale watoto kwa heshima, nikafunga waya, tukavuka. Fundi Amisi alipozeeka alirudi kwao Kabambare, nami nikabaki na gunia lake la nyaya. Mambo ya vyeo sitayasimulia, hayajawahi kumfundisha mtu kulehemu.

Sasa nifike kwenye lile jipu jeupe, maana ndilo mnaloniuliza kila mara mkitaka kucheka. Mnasema, Mama Feza, umetengeneza magari mabovu namna ile, halafu unasema kazi iliyokushika zaidi ni esuiglasi ya nyuma, kale kamkono kenye mpira kanakofuta kioo cha mlango wa nyuma? Ndiyo, hako hako.

Shoferi wa jipu lile alikuwa Yaya Ramazani, mtu wa Nyangwe. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinitangulia gerejini na kwa umri, naye aliniita Mama Feza hata kabla sijapata mtoto. Alikuwa mrefu, mwenye kusali sala zake zote, na hakuwahi kulaza gari chafu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka vyakula, petroli na dawa kwenye vituo vya ng'ambo ya mto. Anayejua kivuko chetu cha zamani anajua kwamba gari lilipanda kinyumenyume, ili likifika ng'ambo lishuke kwa kichwa. Ukingo ni mteremko wa potopoto, tope tupu. Nyuma yako kuna mbao mbili tu za kupandia, na pembeni yake ni Lualaba. Vioo vya pembeni vinakuonyesha mapembeni. Mbao unaziona kupitia kioo cha nyuma, na mvua ikinyesha, kioo cha nyuma bila esuiglasi ni ukuta.

Siku moja ya mvua, Yaya Ramazani alirudisha jipu kuelekea kivuko na kukosa mbao. Gurudumu la nyuma likaingia mtoni. Muuguzi mmoja, mama mwenye umri, alikuwa amesimama pale kando akisubiri kupanda. Alijirusha majini ili asigongwe, akatoka ameloa hadi kifuani, anatetemeka. Mungu alisaidia, hakuumia. Vijana wa kivuko walilivuta jipu kwa kamba mpaka juu.

Kesho yake shefu wetu, Gaston, alituita sote uani. Gaston hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga wa mazishi, na shefu wa magari anapaswa kuwa hivyo.

"Esuiglasi ilisimama," Yaya Ramazani akasema. "Kioo kilijaa potopoto, sikuona mbao tena."

Gaston akaingia ndani ya jipu, akawasha. Kule nyuma ule mkono ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

"Iko inafanya kazi, Yaya."

"Hapa, ndiyo. Kule ilisimama."

"Mutuka haichague pahali." Gaston akashuka, akafunga mlango polepole. "Labda tuseme ni macho. Siyo aibu. Sisi wote tutazeeka."

"Miye siko muongo, Shefu."

"Sikusema muongo. Nimesema macho."

"Nimekuambia ilisimama. Ukisema haikusimama, umesema muongo."

Gaston alinyoosha mkono, na Yaya Ramazani akamwekea ufunguo kiganjani. Tangu siku hiyo alikaa kwenye benchi akichagua boliti kubwa na ndogo, kazi ambayo haikuhitajiwa na mtu. Alisalimia kila mtu vizuri. Ila hakusimulia tena safari zake.

Gaston aliniagiza nilikague jipu ili mambo yaishe. Nilifanya kama ilivyo desturi. Nikaangalia fizibu, kile kiwaya kinachoungua umeme ukizidi, nzima. Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa ubao wake wa ndani, nikagusa moteri kwa taa ya kujaribia: inawaka vizuri. Nikakwangua masi. Nikaiacha esuiglasi ifute kioo kikavu mpaka mpira ukapiga kelele na majirani wakaja kuuliza tunachinja nini. Haikusimama hata mara moja.

Mchana nikachukua kigoda nikaenda kukaa mbele ya benchi lake.

"Yaya, niambie tena ilikuwa namna gani."

"Nimesema yote."

"Umewaambia wao. Miye bado."

Aliweka boliti chini. Akasimulia kuanzia asubuhi ile. Mvua ilinyesha njia nzima, na esuiglasi ilikuwa inafanya kazi njia nzima. Alipofika ukingoni akageuza gari, akaanza kushuka kinyumenyume, na katikati ya kioo ule mkono ukasimama.

"Ilisimama kama mutu aliyesahau alichotaka kusema," akasema. "Na tulipovutwa juu, pahali sawa, ikaanza yenyewe. Ndiyo maana nao hawaamini. Hata miye, ningekuwa Gaston, nisingeamini."

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Magunia ya mchele, na bidoni za petroli. Mutuka ilijaa mpaka kwenye mulango."

Niliinuka bila hata kumuaga. Sisi tulikuwa tumelijaribu jipu likiwa tupu, limesimama pahali tambarare, mara nyingi na mlango wazi. Yeye ilimsimamia likiwa limejaa, limeinamia nyuma, na mlango umefungwa. Hayo yalikuwa magari mawili tofauti.

Nikaomba magunia. Mchele hakuna aliyekubali kunipa kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo tukajaza mchanga. Nyuma ya gereji kulikuwa na mteremko unaoelekea kijitoni, tukaliweka jipu pale, matako chini, likiwa limejaa. Lakini waya wa esuiglasi, uliokuwa ukinisumbua akili, unapita ndani, kati ya bodi na mlango, katika mrija wa mpira wenye mikunjo karibu na bawaba. Ili niuone mlango ukiwa umefungwa, ilibidi nifungiwe ndani pamoja na mchanga.

"Mama Feza, kule ndani hakuna kitasa," Gaston akasema.

"Ndiyo maana utasimama karibu."

Nikaingia, wakafunga. Joto lilikuwa kama la tanuri la mkate. Nilikuwa nimejikunja juu ya magunia, shavu kwenye kioo, msumari wa taa ya kujaribia umechomekwa kwenye waya upande wa mlango. Nje wapita njia walianza kukusanyika, na nilimsikia mwanamke mmoja akiuliza huyo mama amekosa nini. Gaston akamwambia Yaya Ramazani awashe. Esuiglasi ikaanza kwenda, taa yangu inawaka. Nikasukuma gunia la juu kwa miguu, likaegemea mlango. Bawaba zilikuwa zimelegea. Mlango ulisogea kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha.

Taa ikazimika. Esuiglasi ikasimama katikati ya kioo.

Nikavuta gunia kwangu, taa ikawaka, mkono ukaendelea. Nikasukuma, ukasimama. Nilifanya hivyo mpaka niliposikia sauti ya Yaya Ramazani kutoka kiti cha mbele, ya chini kabisa: "Munaona?" Hakuwa akimwambia yeyote.

Waliponifungulia nilikuwa nimeloa jasho. Tulipasua ule mrija wa mpira. Waya ulionekana mzima, wa kahawia, safi. Nikaushika huku na huku nikauvuta, ukarefuka. Ndani shaba ilikuwa imekatika na kugeuka kijani. Ncha mbili zilikuwa zinagusana kwa bahati, na mzigo ukisukuma mlango zinaachana. Jirani yake, waya wa taa ya breki, ulikuwa umebaki na uzi mmoja. Niliweka nyaya mpya, laini, ndefu kidogo kuliko za kwanza. Nalisema hili kwa ajili yenu: msiunganishe pale penye mkunjo. Pitisheni waya mzima penye mkunjo, muunganishe mbali, kila upande pake. Halafu mkaze bawaba, maana waya haukujikata wenyewe.

Asubuhi iliyofuata Gaston alituita tena uani. Alikuwa ameushika ufunguo. "Yaya Ramazani alisema kweli," akasema mbele ya wote. "Miye nilikosa." Akaurudisha ufunguo kwa mikono miwili. Yaya Ramazani aliupokea, akashukuru, na siku hiyo tukasikia tena habari za safari zake, pamoja na zile tulizozijua.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine nisingeyaandika.

Safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda tena ng'ambo, akaniomba nimsindikize, nione kazi yangu. Mvua ilitukuta njiani. Esuiglasi ilifanya kazi bila kuchoka. Ukingoni akageuza gari, akaanza kushuka kinyumenyume, taratibu. Mimi nilikuwa nimegeuza shingo natazama nyuma, nimejaa furaha. Kioo kilikuwa safi. Niliona mbao mbili, niliona kivuko, niliona kijana wa kivuko mwenye koti la mvua la njano akitupungia mkono wazi kabisa.

Yaya Ramazani akakanyaga breki.

"Mama Feza," akasema bila kunitazama. "Yule mutu, iko anasema nije ao nisimame?"

Ilinichukua pumzi moja kuelewa alichoniuliza.

"Anasema uje," nikajibu. "Kushoto kidogo. Kidogo tena. Sasa sawa, njoo tu."

Tukapanda hivyo, yeye na miguu yake, mimi na macho yangu. Magurudumu yalilia juu ya mbao, kisha yakatulia juu ya chuma. Alizima moteri. Kivuko kikaondoka, nasi tukabaki tumekaa ndani, mvua inapiga juu.

"Ni toka lini, Yaya?"

"Toka mvua za mwaka jana. Vya karibu naona vizuri. Mbali, watu wanakuwa kama moshi."

"Na siku ile?"

"Siku ile esuiglasi ilisimama. Hilo ni kweli, na weye ulionyesha." Alipangusa uso kwa kiganja. "Lakini hata kioo kingekuwa safi kama hiki, sijui kama ningemuona yule mama."

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Ningesema namna gani? Kama ningesema macho yangu yanakufa, wangesema, munaona, esuiglasi ilikuwa nzima. Mambo mawili yote yalikuwa kweli. Wao walikuwa na nafasi ya moja tu." Akatazama maji ambayo sasa najua hakuyaona vizuri. "Miye nilitaka nitoke kama muzee, Mama Feza. Siyo kama muongo."

Nilikuwa nimeanza kujiuliza nitamwambia Gaston nini, na kama nina haki ya kukaa kimya. Mzigo huo hakuniachia. Kivuko kilipogusa ng'ambo alifungua mlango, akazunguka mbele ya gari kwenye mvua, akaja upande wangu.

"Songa," akasema. "Endesha weye."

Niliendesha mpaka kituoni, na kurudi pia. Alinielekeza kila shimo kwa kumbukumbu, na hakukosea hata moja. Tulipofika gerejini alikwenda moja kwa moja kwa Gaston, akaweka ufunguo juu ya meza.

Gaston alishangaa. "Juu ya nini tena, Yaya? Si tumekwisha kutengeneza?"

"Mumetengeneza mutuka, na nimeshukuru. Macho haiko kazi ya gereji."

Akamweleza yote, amesimama wima, kofia mkononi. Gaston alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema "nilikuambia", ingawa angeweza, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipohama. Alimwomba Yaya Ramazani akae wiki chache awaonyeshe mashoferi wapya namna ya kupanda kivuko. Walipokuwa wanajifunza niliwasikia wakimwita mwalimu. Kisha akarudi kwao Nyangwe, kwenye michikichi yake. Baadaye, hata vya karibu vilipoanza kumpotea, alipata miwani, ikamsaidia kusoma. Njiani haikumsaidia, naye hakudai kurudi barabarani.

Mimi niliendelea miaka mingi baada yake, na nimefurahi kazini kuliko watu wengi ninaowajua. Mwisho vidole vyangu ndivyo vilivyoanza kufa ganzi. Nilikuwa navuta waya na sijui kama umekataa au umerefuka. Nilikaa na jambo hilo kidogo, halafu asubuhi moja nikaenda kwa shefu mpya nikamwambia. Alisema hakuna aliyegundua kosa lolote. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja leo.

Siku mliyonifanyia sherehe pale uani, Yaya Ramazani alikuja kutoka Nyangwe juu ya pikipiki, amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi, mzee kabisa. Alinitambua kwa sauti. Tukamkalisha, mama wa maandazi akamletea sahani ya wali, sombe la majani ya muhogo na samaki. Hakuanza kula. Alinivuta mkono niiname karibu.

"Nimesikia habari ya vidole," akasema. "Nani alisema kwanza, weye ao wao?"

"Miye, Yaya."

Akaachia mkono wangu, akaanza kunawa.

"Basi kaa hapa," akasema. "Tule."